Honeyland: nani hasa aliwaua nyuki wa Hatidže?

Ukimwomba mtu anayependa mambo ya mazingira akutajie filamu moja kuhusu nyuki, kuna uwezekano mkubwa akakutajia Honeyland. Ni filamu ya hali halisi, dokumentari kama tulivyozoea kusema, iliyotoka mwaka 2019 kutoka Masedonia Kaskazini. Waongozaji wake ni Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov. Ilibeba tuzo kuu ya dokumentari za kimataifa kwenye tamasha la Sundance, halafu mwaka 2020 ikateuliwa kuwania Oscar mbili kwa mpigo: dokumentari bora na filamu bora ya kimataifa. Kabla yake hakuna filamu iliyowahi kufanya hivyo.

Sifa hizo inazistahili, tuliseme hilo mapema. Lakini huu ni ukurasa wa sayansi, na sayansi ina tabia mbaya ya kuuliza maswali baada ya watu wengine kupiga makofi. Tukiitazama Honeyland kwa jicho la biolojia, inatuachia jibu rahisi kwa swali gumu: kwa nini nyuki wanakufa? Na jibu hilo likisafiri hadi huku kwetu, linaweza kumwangukia mtu asiyehusika sana.

Hadithi yenyewe, kwa kifupi

Onyo: tunaisimulia mpaka mwisho. Kama hutaki kuharibiwa utamu, kaitazame kwanza, ni kama saa moja na nusu tu, halafu urudi.

Hatidže Muratova ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayeishi Bekirlija, kijiji cha milimani ambacho karibu watu wote wamekihama. Anaishi na mama yake, Nazife, mzee asiyeweza tena kutoka kitandani. Hakuna umeme wala maji ya bomba. Hatidže anafuga nyuki kwa njia za zamani: wengine kwenye mizinga ya vikapu, wengine kwenye matundu ya ukuta wa mawe, na wengine kwenye ufa wa mwamba huko juu kwenye korongo, mahali ambapo mimi na wewe tungeogopa hata kusimama. Akirina asali anachukua nusu, nusu anawaachia nyuki. Asali yake anaipeleka sokoni Skopje, mji mkuu, kisha anarudi na ndizi za mama na rangi ya nywele zake mwenyewe.

Halafu wanakuja majirani. Hussein, mkewe Ljutvie na watoto wao saba wanafika na trela na kundi la ng'ombe. Hatidže anawapokea vizuri na anamfundisha Hussein mambo ya nyuki, ikiwemo ile kanuni ya nusu. Hussein anaingia kwenye kazi hiyo kwa mizinga ya masanduku. Kisha anatokea mnunuzi anayetaka asali nyingi na anaitaka sasa hivi. Hussein ana vinywa tisa vya kulisha, akiwemo yeye mwenyewe. Anarina yote. Nyuki wake wanavamia mizinga ya Hatidže, na makundi ya Hatidže yanakufa. Baadaye ng'ombe wa Hussein nao wanakufa, familia inaondoka, mama anafariki, na Hatidže anabaki na mbwa wake mlimani.

Ukitoka hapo, moyo umekujaa na mkosaji unamjua kwa jina. Shida yetu inaanzia hapo hapo.

Nusu kwa nusu ni bajeti

Kwanza tumpe Hatidže haki yake, kwa sababu watu wengi wanaichukulia kanuni yake kama hekima ya mashairi tu. Hapana, ni hesabu.

Huko Masedonia kuna miezi ambayo hakuna ua hata moja. Wadudu wengi huivuka baridi wakiwa wamelala au wakiwa mayai. Nyuki wa asali hawalali. Kundi zima hujikunja kuwa kama mpira ndani ya mzinga, malkia akiwa katikati, na nyuki vibarua hutetemesha misuli yao ya kurukia bila kupiga mbawa ili kutoa joto. Yaani kundi linageuka jiko, na kuni za jiko hilo ni asali. Wafugaji wengi wa Ulaya hukadiria kwamba mzinga mmoja unahitaji kuanzia kilo 15 hadi 20 ili kuivuka baridi, na zaidi ya hapo kwenye baridi kali. Anayechukua zote lazima alishe kundi lake maji ya sukari, au azike nyuki mwezi wa pili.

Kwa hiyo kanuni ya Hatidže inasimama. Ila msomaji, usiibebe kama ilivyo. Nusu si namba ya kisayansi. Mwaka wa maua mengi unaweza kuchukua zaidi ya nusu ya asali ya kundi kubwa na likaishi vizuri tu, na mwaka wa ukame hata theluthi moja inaweza kuliua. Kundi linaishi kwa kile kilichobaki ndani, dhidi ya muda ambao njaa itadumu. Hatidže mwenyewe nadhani analijua hilo, maana anafungua, anatazama, ndipo anakata. Filamu ndiyo inayoigeuza kazi ya macho yake kuwa methali.

Nyuki nao huiba

Sasa tuje kwenye kifo chenyewe. Je, nyuki wa Hussein wangeweza kweli kuwaua nyuki wa Hatidže?

Ndiyo, inawezekana kabisa. Maua yakiwa mengi, kila kundi lina shughuli zake. Maua yakikata ghafla, maelfu ya nyuki waliozoea kutafuta chakula wanabaki na nguvu bila kazi, na pua zao hazilali. Wakinusa asali kwenye mzinga wa jirani wanajaribu kuingia. Walinzi wa mlangoni wanapambana nao. Walinzi wakishindwa, wezi wachache wanarudi kwao na mzigo, wanawaita wenzao, na mzinga ulioibiwa unaweza kukaushwa haraka sana. Wafugaji wa nyuki duniani kote wanalijua hili na wanaliogopa. Ndiyo maana mfugaji mzoefu huwa hamwagi asali ovyo karibu na mizinga, na kundi dhaifu hulipunguzia upana wa mlango.

Ila hapo nimesema kundi dhaifu, na neno hilo lina uzito. Wezi hawachagui mzinga kwa bahati nasibu. Kundi lenye nyuki wengi na mlango mwembamba mara nyingi hujitetea. Linaloanguka ni lile ambalo tayari lina tatizo: malkia amekufa, njaa imeingia, kuna ugonjwa, au kuna utitiri. Tunapoona wizi, mara nyingi tunaona sura ya mwisho ya hadithi ya kundi. Sura ya kwanza iko wapi? Kwenye Honeyland haipo.

Mtuhumiwa mkubwa anayekosekana anaitwa Varroa. Ni utitiri wa rangi ya kahawia nyekundu, mdogo kama kichwa cha pini. Asili yake ni nyuki wa Asia, Apis cerana, aliyezoea kuishi naye. Katika karne ya 20, baada ya watu kuanza kuhamisha mizinga huku na huko, utitiri huu ukahamia kwa Apis mellifera, spishi anayofuga Hatidže na ndiyo hiyo hiyo tuliyo nayo sisi. Unazaliana ndani ya vyumba vya majana, unamla nyuki angali mchanga na unasambaza virusi, kikiwemo kile kinachowafanya nyuki wazaliwe na mbawa zilizosinyaa. Ulaya una miongo kadhaa sasa. Katika bara hilo kundi lisilotibiwa kwa kawaida halimalizi miaka mingi.

Na hapa ndipo sayansi ingeisaidia filamu, kama ingeruhusiwa kuingia. Wizi wa asali ni mojawapo ya njia ambazo Varroa husafiri. Nyuki mwizi anaingia kwenye mzinga unaokufa, anatoka na asali, na anatoka pia na utitiri umemng'ang'ania mwilini. Anaupeleka kwao. Kwa hiyo mfugaji anayeacha makundi yake yaishiwe chakula au yafe bila uangalizi anaharibu mtaa mzima wa nyuki.

Umeona tofauti? Filamu inatuambia kuna mwanamke mwema na mwanaume mwenye tamaa. Biolojia inasema kitu kigumu zaidi: nyuki hawana uzio. Nyuki hutafuta chakula kilomita mbili tatu kutoka kwenye mzinga, na ikibidi anaweza kwenda hata zaidi ya kilomita kumi. Chakula chake, sumu anayokutana nayo na vimelea anavyorudi navyo vyote ni vya eneo zima. Hatidže angeweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akapoteza. Na kwa kweli ndicho kilichotokea.

Kisicho na sura hakipigwi picha

Kwa nini filamu nzuri hivi inaishia kwenye jibu jembamba? Tusiwasingizie waongozaji uvivu. Walikaa na watu hawa kwa takriban miaka mitatu, wakarekodi zaidi ya saa 400. Hawakuwa wakikielewa Kituruki kinachozungumzwa na Hatidže na majirani zake, hivyo hadithi waliijenga kwanza kwa picha, maneno yakafuata. Hakuna msimulizi, hakuna mtaalamu anayekaa mbele ya rafu ya vitabu na kutuhubiria. Kwa upande wa sanaa, huo ndio uchawi wake: unamwelewa Hatidže kwa jinsi anavyotembea.

Lakini uchawi huo una gharama. Ukikata saa 400 zikabaki moja na nusu, na ukategemea picha peke yake, visababishi vyenye sura vinabaki na visivyo na sura vinaanguka sakafuni. Hussein ana sura. Utitiri hauna. Kirusi hakina. Kiuadudu kilichopakwa kwenye mbegu kabla haijapandwa hakina. Miaka ile ile kamera ikiwa mlimani, Ulaya ilikuwa kwenye mabishano makali kuhusu viuadudu vya jamii ya neonikotinoidi. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshabana matumizi ya vitatu kati yake mwaka 2013, na mwaka 2018 ukapiga marufuku kuvitumia kwenye mashamba ya wazi. Bekirlija ni mbali na mashamba makubwa, na Masedonia Kaskazini si mwanachama wa Umoja huo, kwa hiyo hatusemi sumu hizo ndizo zilizowaua nyuki wa Hatidže. Tunachosema ni kwamba mtazamaji anayetafuta kuelewa kupungua kwa nyuki anamaliza filamu akiwa hajasikia hata harufu ya mjadala huo.

Hata mwenye sura wa pili, yule mnunuzi, anapita haraka. Anakuja na gari, anataka kilo nyingi, anamsukuma Hussein, anaondoka. Bila yeye Hussein pengine angefuata ushauri wa Hatidže, maana mwanzoni alikuwa anausikiliza. Kusema ukweli, filamu inamtendea Hussein haki kuliko watazamaji wengi wanavyomtendea: inaonyesha uchovu wake, watoto wanaong'atwa na nyuki wakifanya kazi, na mtoto mmoja wa kiume anayembishia baba yake na kusimama upande wa Hatidže. Uzi wa soko ulikuwepo mkononi. Waongozaji wangeuvuta zaidi.

Halafu kuna matangazo. Filamu ilinadiwa kwamba inamhusu mwanamke wa mwisho barani Ulaya anayewinda nyuki wa porini, ambaye sasa lazima awaokoe nyuki. Hapa tunakataa mambo mawili. La kwanza, hilo neno "wa mwisho". Nani alihesabu? Ufugaji wa nyuki kwenye mashina ya miti bado upo Ulaya, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ule wa Poland na Belarus kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. "Wa mwisho" ni neno linalouza tiketi, na linamgeuza mtu mwenye ujuzi kuwa kitu cha makumbusho.

La pili, "awaokoe nyuki". Nyuki gani? Kwa takwimu za FAO, idadi ya mizinga inayofugwa duniani leo ni kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka 1961. Nyuki wa asali kama spishi ya kufugwa hayuko ukingoni mwa kutoweka. Matatizo yake halisi ni kwamba makundi yanakufa kwa kasi inayowachosha wafugaji, hasa Ulaya na Marekani, na kwamba nyuki wa porini wanapoteza makao. Tena duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, nyingi zikiishi peke yake ardhini au kwenye vijiti, na nyingi hazina mtu wa kuzipigia filamu. Ukichanganya haya yote kwenye kaulimbiu moja, unaweza kuweka mizinga kumi nyuma ya ofisi, ukapiga picha, ukadhani umemaliza kazi.

Na huku kwetu?

Pengine unajiuliza, hayo ya Masedonia yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu spishi ni ile ile, na kwa sababu kaulimbiu za kuokoa nyuki tunazipokea zikiwa zimeshapikwa kwingine.

Nyuki wetu wana historia yao. Varroa iliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2014 Elliud Muli na wenzake walichapisha utafiti wa makundi kutoka maeneo 24 ya Kenya. Walikuta utitiri umeenea karibu kote isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini hawakukuta kwamba unapunguza ukubwa wa makundi, na mabaki ya viuatilifu yalikuwa machache na ya kiwango cha chini. Kwa lugha rahisi, nyuki wa huku walikuwa wanaishi na mdudu yule yule anayeangusha mizinga ya Ulaya, bila kupewa dawa. Pia nyuki wetu wakikosa chakula au wakisumbuliwa sana hufanya kitu ambacho wenzao wa Ulaya hukifanya kwa nadra: wanahama, kundi zima, wanakuachia mzinga mtupu. Kwa hiyo hata kanuni ya nusu inabadilika huku. Hakuna theluji ya kuivuka, ila kuna kiangazi, na kuna kosa baya la kukata masega yenye majana pamoja na asali. Ukilifanya hilo, usishangae kesho yake wameondoka.

Sasa chukua hadithi ya Honeyland na uipeleke kwenye miombo ya Tabora au Katavi. Nani atakuwa Hussein? Bila shaka mrina asali wa kijijini, yule mwenye mizinga ya magome na mwenge wa moto. Na lawama nyingine ni za kweli: kubandua gome kunaua mti, na moto wa kurinia asali ukiachwa unateketeza msitu. Lazima tuyaseme. Lakini huyu ni mtu ambaye msitu ukibaki umesimama yeye ananufaika. Nyuki wake wanapoteza maua kwa miti inayokatwa kwa ajili ya mashamba mapya, kuni za kukaushia tumbaku, na mkaa unaosafiri mpaka majiko ya Dar es Salaam. Mnunuzi wa mkaa huo haonekani msituni, kama vile mnunuzi wa asali alivyoondoka na gari lake. Tukimwona mrina asali peke yake, tutaendesha semina za kumbadilisha tabia huku msitu ukiisha nyuma yake.

Na mashambani ni vivyo hivyo. Mkulima wa alizeti Singida au Dodoma anawahitaji nyuki ili vichwa vijae mbegu vizuri. Jirani yake akipulizia kiuadudu saa nne asubuhi maua yakiwa wazi, nyuki wa watu wote wanaumia, hata wa mfugaji aliyefuata kila kanuni. Kupulizia jioni, nyuki wakiwa wamesharudi, au kutopulizia kabisa wakati wa maua, kunahitaji makubaliano ya kijiji. Wema wa mtu mmoja hautoshi hapo.

Itazame hivi

Kwa hiyo tunashauri nini? Itazame. Kama wewe ni mwalimu, waonyeshe wanafunzi wako, kwa sababu hatujaona filamu nyingine inayoonyesha kwa uzuri huu mikono ya mtu anayewajua nyuki. Ila ikiisha, kabla ya taa kuwashwa, waulize maswali matatu.

La kwanza: makundi ya Hatidže yalikuwa na hali gani kabla ya kuvamiwa, na tungehitaji kuona nini ili tujue? Hapo utafundisha tofauti kati ya tukio la mwisho na kisababishi. La pili: nani mwingine alikuwa na nguvu ya kuzuia maafa yale zaidi ya Hussein? Wakimtaja mnunuzi, wapo njiani. Wakijitaja wao wenyewe kama wanunuzi wa asali, alizeti na mkaa, wamefika. La tatu: kama wewe ungekuwa jirani wa Hatidže, ni makubaliano gani mngeandikiana kuhusu kurina, kuhusu mizinga iliyokufa na kuhusu dawa za shamba? Waandike kweli, kwa karatasi, kipengele kwa kipengele.

Hilo la tatu ndilo filamu haikulifikia. Hatidže alimwambia jirani yake kanuni kwa mdomo, akaitegemea nia njema, na siku mnunuzi alipokuja na pesa nia hiyo haikuwa na kitu cha kuishikilia. Kijiji chako kikiwa na mizinga, basi hapo pana kazi ya kuanza nayo wiki hii, kabla msimu wa kupulizia haujafika.